Banda Kwanza, Sungura Baadaye: Kuwatunza Sungura wa Watoto Wetu Nje ya Nyumba



Wapendwa wajumbe wa kamati za parokia, na ndugu wafadhili mnaotusoma kutoka karibu na mbali, safari hii tumeona tutoe nafasi kwa mnyama mdogo ambaye katika taarifa zetu huchukua mstari mmoja tu: sungura. Wengi wenu mnafahamu kuwa watoto wa Utoto Mtakatifu katika vigango kadhaa wamekuwa wakipewa sungura wa kufuga, ili wajifunze kutunza kiumbe hai na, pale inapowezekana, wapate daftari na kalamu kutokana na mauzo ya vitoto. Ni mpango mzuri. Lakini ni lazima tuseme ukweli kuhusu namna tulivyouanza.

Tuligawa sungura kabla ya mabanda. Kila familia ilipewa jike na dume, ikaahidi kwamba banda litajengwa baada ya mavuno. Sungura wakawekwa jikoni, kwenye tenga la kuku, chini ya kitanda, ndani ya katoni ya sabuni. Nyumba moja niliyoitembelea wakati wa masika, binti wa darasa la nne alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko kunionyesha tenga. Siafu walikuwa wamepita usiku. Hakulia mbele yangu. Aliniuliza tu kama wafadhili wataambiwa.

Hawakuambiwa. Katika taarifa ya robo mwaka ile tulihesabu sungura waliogawiwa, hatukuhesabu waliobaki. Makala hii ni sehemu ya kulipa deni hilo, na imeandikwa kwa matumaini kwamba kamati itakayoisoma haitarudia kosa letu.

Sungura huyu si yule wa hadithi

Sote tumekua na hadithi za Sungura mjanja aliyemshinda Fisi na kumchezea Simba. Yule wa hadithi ni sungura wa porini, mwenye miguu mirefu, anayelala juu ya ardhi kwenye nyasi na kuokoka kwa mbio. Mtoto wake huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi. Sungura tunayemfuga ni mnyama mwingine kabisa. Asili yake ni Hispania na nchi za jirani yake, huko Ulaya, ambako mababu zake huishi kwa makundi ndani ya mashimo marefu waliyoyachimba wenyewe. Vitoto vyake huzaliwa uchi na vipofu, chini ya ardhi, gizani.

Ukilielewa jambo hili moja, karibu mambo yote ya banda yanajieleza yenyewe. Shimoni hakuna jua kali, kwa hiyo mnyama huyu hajaumbwa kuvumilia joto. Shimoni kuna pa kujificha, kwa hiyo akiwekwa kwenye kizimba kilicho wazi pande zote huishi kwa hofu mchana na usiku, na hofu peke yake inaweza kumfanya aache kula. Shimoni hakuna mvua wala upepo wa kupenya mbavuni. Mbinu zake zote za kujiokoa ziko katika kuchimba na kukimbilia ndani. Tunapomfungia kwenye banda tunamnyang'anya mbinu hizo, na kuanzia siku hiyo banda ndilo linalopaswa kumlinda.

Mahali pa kuliweka

Anayeishi Lushoto, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na anayeishi Korogwe kule chini, hawawezi kujenga banda la namna moja hata kama fundi ni yuleyule. Kule juu adui ni unyevu na ukungu wa Juni hadi Agosti. Kule chini adui ni jua la Januari na Februari.

Kwa tambarare, tafuta kivuli cha mti mkubwa kabla ya kuchimba shimo la nguzo. Mwembe unafaa sana. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige upande mfupi tu. Bati tupu bila kitu chini yake ni tanuri. Kama hamna namna ila bati, wekeni dari ya matete au mikeka chini yake, au tandazeni nyasi nene juu yake. Makuti au nyasi zenyewe ni bora kuliko bati, ila zibadilishwe zinapoanza kuoza. Joto likizidi nyuzi 30 za Sentigredi sungura huanza kutaabika, kwa kuwa hana jasho la kumpoza kama binadamu. Hupoza damu yake kwa kupitia masikio. Ukimwona amejinyoosha chini, anahema haraka, masikio ni mekundu na ya moto, na mate yanamtoka, usimtumbukize kwenye ndoo ya maji. Mpeleke kivulini penye hewa, mlowanishe masikio kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, na umpe maji ya kunywa. Siku za joto kali, gunia lililoloweshwa na kutundikwa upande unaotoka upepo husaidia sana, na halina gharama.

Kwa milimani, baridi yenyewe isiwatishe. Sungura mwenye manyoya makavu na nyasi kavu za kujifunika huvumilia baridi kuliko wengi wetu tunavyoweza. Kinachoua ni kulowa, na upepo unaopita moja kwa moja kutoka upande huu hadi ule. Pande tatu za banda ziwe za mbao, upande mmoja tu uwe wa wavu, nao utazame kule ambako mvua haitokei. Paa litokeze mbele kiasi cha futi moja na nusu. Usiku teremsheni gunia mbele ya wavu, lakini msizibe kila tundu. Banda lililozibwa kabisa hujaa harufu ya mkojo, na harufu hiyo huunguza pua na mapafu ya sungura na kuleta mafua yasiyopona.

Vipimo na vifaa

Mabanda mengi tuliyoyaona ni madogo mno. Sungura mkubwa wa kilo 3 au 4 anahitaji nafasi ya kuruka mara tatu mfululizo bila kugonga ukuta, na ya kusimama kwa miguu ya nyuma bila masikio kugusa dari. Kwa fundi wetu maana yake ni futi 6 kwa urefu, futi 2 au zaidi kwa upana, na futi 2 kwenda juu. Wafugaji wa nyama hutumia nafasi ndogo zaidi, lakini sungura wao hawakai muda mrefu. Sungura wa mtoto akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 8 hadi 10, na hatuwezi kumweka kiumbe kwenye sanduku kwa miaka yote hiyo tukaita ni malezi.

Hata banda la futi 6 halitoshi bila kutoka nje. Tengenezeni uzio mdogo unaohamishika juu ya nyasi, uwe na wavu juu pia kwa sababu ya mwewe, na mtoto amtoe sungura wake jioni jua linapopungua. Lakini mtu mzima awepo jirani, kwani sungura huchimba, na mbwa wa jirani hapigi hodi.

Sakafu ya banda iinuliwe kiasi cha mita moja kutoka ardhini. Kazi yake ni mbili: kuwaweka mbali wanyama wakali, na kuacha mavi na mkojo vidondoke chini. Wavu wa nusu inchi, ule wanaoutumia wakulima kuanikia kahawa, unafaa kwa sakafu, mradi usiwe na ncha zinazochoma. Mianzi iliyopasuliwa na kupangwa kwa nafasi ya upana wa kidole kidogo ni nafuu zaidi, na sehemu kubwa ya milima yetu inapatikana bure. Ila msifanye sakafu yote kuwa ya wavu. Miguu ya sungura haina nyayo ngumu kama za paka au mbwa, ni manyoya tu juu ya ngozi. Akikaa juu ya waya muda wote hupata vidonda visiginoni ambavyo ni vigumu kupona. Wekeni ubao wa kupumzikia upande mmoja, ukwanguliwe kila siku.

Kwa kuta, jambo moja nalisisitiza: wavu mwembamba wa kuku unamzuia kuku asitoke, haumzuii mbwa asiingie. Mbwa huuchana kwa meno. Kanu na nguchiro hupenya penye pengo dogo kuliko unavyodhani, na hata wasipopenya, hunyofoa mguu wa sungura aliyelala karibu na wavu. Tumieni wavu mgumu uliochomelewa, wenye matundu yasiyopita inchi moja. Kama fedha hazitoshi, punguzeni eneo la wavu na ongezeni mbao, lakini msinunue wavu dhaifu. Nyoka naye hupita kwenye tundu la inchi moja, hasa akiwa anafuata vitoto; kwa hiyo chumba cha kuzalia kiwe na wavu wa nusu inchi pande zote.

Komeo ndilo watu husahau. Mlango uliofungwa kwa kamba ya katani ni mlango ulio wazi, maana sungura mwenyewe ataitafuna kamba kwa ndani. Komeo la chuma, au kipande cha mti kinachozunguka juu ya msumari, vinatosha, mradi viwe viwili: kimoja juu, kimoja chini.

Ndani ya banda, kwenye kona yenye giza, wekeni sanduku la mbao lenye mlango mmoja. Hilo ndilo shimo lake. Mtoto afundishwe kwamba sungura akiwa humo hasumbuliwi.

Siafu

Nawapa siafu kichwa chao wenyewe kwa kuwa ndio waliotufilisi. Mbwa huua sungura mmoja au wawili, na hupiga kelele mkaamka. Siafu huja kimya, kwa kawaida usiku, hasa mvua zinapoanza na ardhi yao inapojaa maji, na hawaachi kitu. Sungura aliye porini angekimbia. Aliye bandani hana pa kwenda.

Kila mguu wa banda usimame ndani ya kopo, na kopo lijazwe oili chafu ya gari au ya mashine ya kusaga. Juu ya kopo, kwenye mguu, pigilieni kipande cha bati kilichokunjwa kama mwavuli, ili mvua isiingie. Maji yakijaa, oili huelea na kumwagika, na mwishowe mnabaki na kopo la maji na majani ambalo siafu huvuka kama daraja. Kopo likaguliwe kila Jumamosi. Nyasi zote zinazozunguka banda zifyekwe, kwa maana jani moja tu linaloegemea ukuta ni njia. Vilevile tawi la mti linalogusa paa, na kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye nguzo ya banda. Hili la kamba nililiona kwa macho yangu: makopo manne yalikuwa yamejaa oili safi kabisa, na siafu walipita juu kwa juu.

Mkiwaona mchana wakipita uwanjani, msiwachokoze. Hamisheni sungura hadi ndani ya nyumba, na mwageni majivu ya moto njiani mwao. Wakimaliza, huondoka.

Chakula ni nyasi

Sungura si mla karoti. Karoti ni peremende kwake. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara mbili kwa juma kinatosha. Chakula chake ni nyasi, mbichi zilizonyauka na kavu, ziwepo mbele yake mchana na usiku. Sababu ni mbili. Meno yake hukua bila kukoma maisha yake yote, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi ndefu kwa saa nyingi. Tumbo lake nalo husukumwa na nyuzinyuzi. Bila hizo husimama, na sungura hawezi kutapika. Sungura ambaye hajala kitu kwa siku nzima si wa kusubiri hadi kesho, ni mgonjwa sana.

Mabingobingo machanga, mchunga, matembele, majani ya mahindi na ya migomba, yote yanafaa yakichanganywa. Vuneni jana mlishe leo. Majani yaliyolowa umande na kurundikwa huanza kupata moto na kuchacha, na huleta tumbo kujaa gesi. Msikate nyasi pale mbwa wanapojisaidia, kwani hubeba mayai ya minyoo ya tegu yanayoingia mwilini mwa sungura. Msitumie masalia ya bustani iliyopigwa dawa. Majani ya viazi mviringo, ya nyanya na ya parachichi ni sumu kwake. Kisamvu kibichi nacho kina sumu. Si lazima apewe wakati majani mengine yapo.

Pumba ni nyongeza tu, konzi moja kwa siku kwa sungura mzima, zaidi kidogo kwa anayenyonyesha. Isiwe yenye ukungu hata chembe. Sumukuvu inayotokana na mahindi yaliyooza humdhuru sungura haraka kuliko ng'ombe au hata kuku. Ugali, mkate na makombo ya wali si chakula chake, ingawa atakula ukimpa.

Maji wengi huyasahau wakidhani majani mabichi yanatosha. Hayatoshi. Sungura wa kilo 3 anaweza kumaliza karibu nusu lita kwa siku, na anayenyonyesha huzidi hapo. Bakuli zito la udongo ndilo bora kwa kuwa hawezi kulipindua. Lioshwe kila asubuhi.

Na sasa jambo linaloogopesha wageni. Mtoto akikuambia kwamba sungura wake anakula mavi, usimpigie bwana mifugo simu. Sungura hutoa mavi ya aina mbili: vidonge vikavu tunavyovijua, na vingine laini, vilivyoshikana kama kichane kidogo cha zabibu, ambavyo huvila moja kwa moja kutoka mwilini, kwa kawaida usiku au alfajiri. Ndiyo njia yake ya kupata vitamini na protini ambazo tumbo halikuzipata mara ya kwanza, kama vile ng'ombe anavyocheua. Mkimzuia atadhoofika.

Magonjwa matatu na dawa moja inayoua

Usafi wa kila siku huzuia magonjwa mengi: kukwangua ubao, kuondoa majani yaliyokanyagwa, kuweka nyasi kwenye hori la ukutani badala ya sakafuni. Kila juma vyombo na masanduku yasuguliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Mavi yakusanywe yapelekwe kwenye bustani ya mchicha; akina mama wa kigango watawashukuru.

Ukurutu huanza kama unga mweupe kwenye pua, kingo za masikio na vidole, kisha huwa magamba mazito. Mwingine hukaa ndani ya sikio, sungura akatikisa kichwa na kujikuna hadi damu. Msibandue magamba, inauma sana. Dawa ni sindano ya ivermektini, nayo apige bwana mifugo kwa kupima uzito, na irudiwe baada ya wiki mbili. Chupa ile imetengenezwa kwa ng'ombe, na kosa la matone machache kwa mnyama wa kilo 3 ni kosa kubwa. Kuna desturi ya kumpaka sungura oili chafu. Oili ni ya miguu ya banda, si ya sungura: humchoma ngozi, naye huilamba. Ukurutu unaweza kumwambukiza mtoto muwasho, kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, hata akionekana mzima.

Koksidia ni adui wa vitoto vilivyoachishwa ziwa. Hukonda, tumbo hubaki kubwa, manyoya husimama, huharisha, hufa. Huambukizwa kwa kula chakula kilichochanganyika na mavi. Si ile koksidia ya kuku, kwani kila mnyama ana yake, ingawa dawa ya amproliamu inayouzwa kwa ajili ya kuku hutumika pia kwa sungura kwenye maji, kwa kipimo atakachotoa mtaalamu.

Mafua hutambulika kwa usaha mweupe puani na miguu ya mbele iliyogandamana manyoya kwa sababu ya kujifuta. Mtenge mgonjwa mara moja, kisha chunguza hewa ya banda.

Sasa dawa inayoua. Nyumba nyingi zina mabaki ya vidonge vya ampisilini au amoksilini, na kwa nia njema mama huvunja kidonge kimoja na kumnywesha sungura anayepiga chafya. Dawa hizo zikimezwa na sungura huua vijidudu vyema vya tumboni vinavyomsagia nyasi, vibaya vikashika nafasi, naye huharisha na kufa baada ya siku chache. Chafya ingeweza kuvumilika. Tafadhali kamati zilitangaze hili kanisani pamoja na matangazo mengine.

Kwa wale wanaofikiria kuagiza sungura wa mbegu kutoka mbali: upo ugonjwa wa virusi unaosababisha kuvuja damu ndani ya mwili, ambao huua sungura wazima kwa ghafla. Ulithibitishwa Nigeria mwaka 2020 na Afrika Kusini mwaka 2022. Haumdhuru binadamu, lakini hauna tiba. Sungura yeyote mgeni akae peke yake, mbali na wenzake, kwa wiki tatu, na ahudumiwe mwisho baada ya wengine.

Vitoto havijatupwa

Mimba ya sungura ni siku 30 hadi 32. Siku ya 27 wekeni sanduku la kuzalia lenye nyasi kavu laini. Jike ataling'olea manyoya ya kifuani mwake. Baada ya hapo watu wazima hufanya makosa kwa upendo. Wanachungulia kila saa, hawamwoni mama ndani, wanasema amewatupa, wanaanza kunywesha vitoto maziwa ya ng'ombe kwa kijiti cha pamba. Vitoto vinafia mikononi mwao.

Ukweli ni kwamba sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika chache, kwa kawaida usiku au alfajiri, kisha huondoka makusudi ili harufu yake isiwavutie maadui. Angalieni matumbo asubuhi, mara moja: yakiwa ya mviringo kama yamejazwa, mama anafanya kazi yake. Macho hufunguka karibu siku ya 10. Jike anayekula vitoto vyake mara nyingi amekosa maji, au ameogopeshwa na mbwa au kelele. Kabla ya kumlaumu, tazama bakuli.

Dume atengwe kabla jike hajazaa, maana jike anaweza kushika mimba nyingine siku ileile ya kuzaa. Vitoto vitengwe madume na majike vikifika miezi mitatu, na madume waliokomaa wasikae pamoja, watang'atana vibaya. Kwa mtoto anayetaka rafiki tu, na hana haja ya kuuza, ushauri wetu siku hizi ni kumpa majike wawili waliozaliwa pamoja. Sungura mmoja peke yake hunyong'onyea.

Na ashikwe vipi? Si kwa masikio, hata kama babu alifanya hivyo. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, kifuani kwa aliyembeba. Sungura aliyening'inizwa hupiga teke kwa nguvu kiasi cha kujivunja uti wa mgongo mwenyewe.

Rafiki au kitoweo?

Swali hili limeleta machozi kuliko ugonjwa wowote. Hakuna ubaya kufuga sungura wa kula. Nyama yake ni nzuri. Ubaya ni kumpa mtoto mnyama, kumwacha ampe jina, kisha siku ya Krismasi kumweka mezani bila neno. Wazazi na walezi waamue kabla ya sungura kufika nyumbani, na mtoto ajulishwe. Nyumba zinazotaka vyote viwili zitenge: wawili hawa ni wa mtoto, hawaguswi, wale wa banda la pili ni mradi. Mtoto huelewa akiambiwa mapema. Tukumbuke pia kwamba Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mnyama mdogo naye yumo.

Kwa kamati na kwa wafadhili

Banda imara hugharimu mara kadhaa ya bei ya sungura wanaokaa ndani yake. Tunajua kwamba picha ya mtoto aliyebeba sungura hupendeza kuliko picha ya makopo manne yenye oili. Hata hivyo tunawaomba ndugu wafadhili mnaochangia mpango huu mkubali kwamba sehemu kubwa ya mchango itakwenda kwenye wavu, misumari na mbao, na kwamba idadi ya sungura mtakayoisoma itakuwa ndogo kuliko zamani. Taarifa zetu zitataja waliogawiwa, waliozaliwa, waliokufa na sababu ya vifo, kigango kwa kigango.

Kamati ya parokia isipokee sungura kwa niaba ya familia yoyote kabla ya wajumbe wawili kulikagua banda. Waende na kipande cha uzi wa futi 6 wa kupimia. Watikise mlango. Waingize kidole kwenye kila pengo. Watazame juu kama kuna tawi au kamba, na chini kama makopo yana oili. Wamwombe mtoto mwenyewe awaonyeshe namna ya kumbeba, kwa kutumia kitambaa kilichokunjwa kama hakuna sungura wa kujifunzia. Wamwulize nani atakata nyasi siku za mitihani.

Yule binti ninayemtaja hapo juu alipata banda kabla ya vuli iliyofuata, lililojengwa na mjomba wake kwa mbao za grevilea. Majike wawili, ndugu. Kila Jumamosi baada ya mafundisho huzunguka na kopo dogo la oili kuongeza palipopungua, na akiona nimekuja huanza kunionyesha miguu ya banda kabla ya sungura.

Kamati zinazohitaji mchoro wa banda wenye vipimo zimwone mhamasishaji wa maendeleo wa kanda. Maombi ya wavu yaandikwe na kamati nzima, si mtu mmoja mmoja, na yafike kabla ya mvua za masika kuanza.